Je, wajua kwa nini shairi lililogombewa sana Marekani ya kale halina hata nakala moja kamili ya toleo lake la kwanza?

Mwaka 1662 Michael Wigglesworth, mchungaji wa Malden, Massachusetts, alitoa shairi refu kuhusu siku ya hukumu, The Day of Doom. Lina beti 224, na mizani yake ni ile ya nyimbo za mitaani, kwa hiyo huingia kichwani upesi. Mwenyewe aliandika kwamba zilichapwa nakala 1,800 na kwamba ndani ya mwaka mmoja karibu zote zilikuwa zimenunuliwa. Watoto walilikariri pamoja na katekisimu. Leo haijulikani popote nakala kamili ya toleo hilo. Zimekwenda wapi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kitabu cha kale huadimika kwa sababu mbili: kilichapwa kidogo, au karatasi yake imeoza.

Tuanze na karatasi. Ile ya karne ya 17 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, yenye nyuzi ndefu zilizoshikana. Ukifungua kitabu cha wakati huo kilichotunzwa vizuri, ukurasa bado unapinda na kurudi bila kukatika. Gazeti la miaka ya 1890, lililotengenezwa kwa rojo la miti, ndilo linalogeuka kahawia na kumeguka kama chapati iliyolala siku tatu. Kwa hiyo karatasi haina kosa.

Sasa idadi. Mwaka 1640, huko Cambridge, Massachusetts, Stephen Daye alichapa zaburi zilizotiwa vina ili ziimbwe kanisani. Ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika, na wakusanyaji hukiita Bay Psalm Book. Ni kazi ya mikono isiyozoea: juu ya kurasa za kushoto neno zaburi limeandikwa PSALM, za kulia PSALME. Zilichapwa nakala 1,700, zimebaki 11. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1827, Edgar Allan Poe, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa Marekani lakini wakati huo kijana wa miaka 18, alichapisha Boston kijitabu cha mashairi cha kurasa 40 bila kuweka jina lake. Hukadiriwa kuwa nakala 50 tu, na hakuna aliyekijali. Zinazojulikana leo ni 12.

Piga hesabu. Kijitabu kilichopuuzwa kimebakiza nakala moja kati ya kila nne. Kitabu kilichoimbwa kila juma kimebakiza moja kati ya mia moja hamsini na zaidi.

Fikiria vyombo vya nyumbani. Kabatini kuna seti ya vikombe vya wageni, imetimiza miaka thelathini na hakuna kilichopasuka. Jikoni kuna kikombe ambacho kila mtu hukichukua asubuhi. Hicho kimebadilishwa mara kumi. Tofauti yao ni idadi ya mikono. Kitabu cha zaburi kilifunguliwa kwa vidole vyenye jasho, kilibebwa kwenye mvua, kilirithiwa na mtoto aliyekuwa bado anajifunza kusoma. Ukurasa wa kwanza ndio hutangulia kuchomoka, kisha wa mwisho, kisha uzi wa katikati hulegea. Halafu linatoka toleo jipya lililosahihishwa, kama lilivyotoka mwaka 1651, na lile chakavu halina tena sababu ya kukaa. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo hata mabaki yalipata kazi, kama kujazia majalada ya vitabu vingine.

Kuna tahadhari. Idadi ya 1,700 inatokana na ushahidi wa kesi ya miaka ya 1650 kuhusu mali ya mwenye mashine ya kuchapia kitabu hicho cha zaburi, na ile ya 50 ya Poe ni makadirio. Uwiano unaweza kusogea, ingawa sioni namna ya kuugeuza.

Basi hizo 11 ziliponaje? Karibu nusu yake ziliponea kwa mkusanyaji mmoja. Thomas Prince, mchungaji wa kanisa la Old South, Boston, alikusanya maandishi ya koloni lake kwa bidii ambayo mimi huistahi sana. Nakala tano kati ya hizo 11 zilipita mikononi mwake. Alipofariki mwaka 1758 alilirithisha kanisa maktaba yake, nayo ikawekwa mnarani. Wakati wa vita vya uhuru askari wa Uingereza waligeuza jengo hilo uwanja wa farasi, na baadhi ya vitabu vikapotea. Mwaka 2013 kanisa liliuza mnadani moja ya nakala mbili lilizobaki nazo, kwa zaidi ya dola milioni 14.

Isaiah Thomas, mchapaji wa Worcester, hakusubiri mashairi yazeeke. Karibu mwaka 1813 alikwenda kwa muuza nyimbo wa Boston akanunua zaidi ya karatasi 300 za nyimbo za bei ya chini kabisa, zile ambazo mtu hununua, huimba, kisha hufungia kitu. Akazijalidi katika vitabu vitatu na kuandika mbele kwamba amezihifadhi ili zionyeshe watu wa kawaida walipenda nini wakati huo. Vitabu hivyo bado vipo Worcester, katika maktaba ya American Antiquarian Society, aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1812.