Alaimenti ya kimichezo ni nini, na inafaa kwa kiasi gani katika barabara za Mbeya na Iringa

Alaimenti ya kimichezo ni upangaji wa pembe za magurudumu unaolenga kuongeza ushikaji wa barabara na wepesi wa usukani kwenye kona, tofauti na vipimo vya kiwandani, ambavyo hutafuta matairi yadumu na gari litulie mikononi mwa dereva yeyote. Mashine ya kupimia huwa ni ileile. Kinachobadilika ni tarakimu anazoambiwa fundi azitafute. Wenye Subaru Impreza WRX, Altezza au Mark X huichanganya mara nyingi na kubalansi, ambayo ni kazi nyingine kabisa: kubalansi husawazisha uzito wa tairi na rimu kwa kubandika vyuma vidogo ili usukani usitetemeke kwenye mwendo, na haigusi pembe hata moja.

Pembe inayozungumzwa zaidi ni kemba, yaani jinsi tairi lilivyolala ukilitazama gari kutoka mbele. Sehemu ya juu ya tairi ikiinamia ndani, kemba ni hasi. Ikiinamia nje, ni chanya. Sababu ya kutaka kemba hasi huonekana wazi kwenye kona za mlima Kitonga, mkoani Iringa. Gari linapokata kona, bodi hulalia upande wa nje, na tairi la mbele la upande huo, ambalo ndilo linalobeba mzigo mkubwa, husukumwa lisimamie ukingo wake wa nje, huku ukingo wa ndani ukikosa uzito wa kutosha kuikandamiza lami. Tairi lililopewa kemba hasi gari likiwa limesimama hurejeshwa na mlalo huohuo wa bodi kwenye hali ya kukanyaga kwa upana wake wote. Magari mengi ya kawaida hutoka kiwandani yakiwa na kemba ya mbele iliyo kati ya sifuri na hasi 1 ya digrii. Kwa dereva wa barabarani anayependa kona, hasi 1.5 hadi hasi 2 hutosha, ilhali magari ya kushindana kwenye viwanja vya lami hufikishwa hasi 3 au zaidi.

Muundo wa miguu ya gari, yaani vyuma na springi vinavyoshikilia magurudumu, huamua ni kiasi gani cha kemba kinahitajika. Impreza, kwa upande wa mbele, ina mfumo ambao shokapu yenyewe hushikilia gurudumu, na mfumo huo hauongezi kemba hasi ya kutosha mguu unapobonyea. Ndiyo maana gari hilo hunufaika sana na marekebisho haya, tena Subaru waliweka bolti ya juu ya shokapu ya mbele yenye mhimili usio katikati, ambayo fundi huizungusha kupata kemba. Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, inayolilaza gurudumu ndani kadiri mguu unavyobonyea, hivyo huhitaji kemba hasi pungufu kuliko Impreza.

Pembe ya pili ni tou. Ukiliangalia gari kutoka juu, tou ni tofauti ya mwelekeo wa matairi mawili ya ekseli moja: yakielekeana kwa mbele, tou ni ya ndani; yakiachana, ni ya nje. Watu huilaumu kemba kwa kula matairi, lakini kwa maoni yangu kemba husingiziwa mara nyingi, na mlaji hasa ni tou. Hesabu yake ni rahisi. Tairi lililopinda kwa digrii 0.1 tu, ambayo kwa tairi la kipimo cha 205/55 R16 ni tofauti ya takriban milimita 1 kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, huburuzwa kiupande karibu mita 1.75 katika kila kilomita. Kutoka Mbeya hadi Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300, tairi hilo litakuwa limesuguliwa lami kiupande kwa zaidi ya nusu kilomita. Kasoro hii hutambulika kwa kiganja: pitisha mkono juu ya kashata za tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Mkono ukiteleza vizuri upande mmoja na kukwaruzwa ukirudi, kama unaopita kwenye meno ya msumeno, hiyo ni tou. Kemba hasi iliyozidi hula ukingo wa ndani pekee, tena taratibu.

Katika alaimenti ya kimichezo, tou ya mbele huwekwa sifuri au nje kidogo sana ili gari liitikie usukani mapema. Ya nyuma huachwa ndani kidogo, na hapo sioni nafasi ya majaribio, kwa kuwa tou ya nje kwenye ekseli ya nyuma hulifanya gari litake kugeuka lenyewe dereva anapoachia mafuta katikati ya kona. Kwenye lami iliyolowa ya kuteremka Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, tabia hiyo ni hatari.

Pembe ya tatu, kasta, ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huzunguka usukani unapokatwa, ukilitazama gari kutoka ubavuni. Ikiongezwa, usukani hurudi katikati wenyewe kwa nguvu zaidi, gari hutulia kwenye mwendo mkubwa, na tairi la nje hupata kemba hasi ya ziada kila usukani unapokatwa. Gharama yake ni usukani kuwa mzito. Magari mengi hayana sehemu ya kuirekebisha bila kununua vifaa vya ziada.

Barabara zetu ndizo zinazoweka mipaka. Lami ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, imebeba malori ya Tunduma kwa miaka mingi, na mahali pengi imebonyea pale matairi yao yanapopita. Gari lenye matairi mapana, kemba hasi nyingi na tou ya nje hufuata kingo za mabonde hayo, likimvuta dereva kushoto na kulia wakati anajaribu kulipita lori. Ongeza matuta ya kila kijiji na mashimo ya baada ya masika, na utaona kwamba vipimo vya uwanjani havina kazi hapa. Kwa gari linaloishi Mbeya na kwenda Chunya au Njombe mwisho wa wiki, ningechagua kemba ya mbele isiyozidi hasi 1.5, tou ya mbele sifuri, na ya nyuma ndani kidogo.

Hakuna pembe itakayodumu ikiwa miguu imechoka. Bushi za mkono wa chini zilizolegea huruhusu magurudumu yarudi nyuma na kubadili tou kila breki inapokanyagwa, kwa hiyo gari linaweza kusoma vizuri likiwa limesimama juu ya mashine, kisha likayumba likiteremka Kitonga. Fundi makini huanza kwa kukagua bushi, boljointi, tairodi na beringi, kisha hupima upepo wa matairi. Hapo ndipo hurekebisha ekseli ya nyuma kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi. Halafu hugeukia mbele, akianza na kasta na kemba, na kumalizia na tou, kwa kuwa kubadili kemba huiharibu tou iliyokwishapangwa. Wanaojali zaidi huweka kwenye kiti mzigo unaolingana na uzito wa dereva. Pasipo na mashine ya kamera, tou huweza kupimwa kwa uzi uliokazwa sambamba na ubavu wa gari na rula, mradi sakafu iwe bapa. Ni kazi ya polepole, lakini si ya kubahatisha.

Anayeshusha gari kwa springi fupi hana budi kufanya alaimenti, kwani kimo kikibadilika kemba na tou hubadilika pamoja nacho. Springi mpya huendelea kukaa baada ya kufungwa, hivyo ni vyema gari litembezwe kwanza kabla ya kupimwa. Omba karatasi inayoonyesha vipimo vya kabla na baada kwa kila gurudumu. Kemba ya kushoto na ya kulia zikitofautiana kwa zaidi ya nusu digrii na bolti zimefika mwisho, kuna kitu kilichopinda, mara nyingi mkono wa chini au shokapu, na kukaza bolti zaidi hakutakinyoosha.