Kwa hiyo dona haina sukari?

Wiki kadhaa zilizopita mzee mmoja aliletwa kliniki na binti yake. Tukampima sukari ya damu kidoleni, saa mbili baada ya chakula cha mchana: milimoli 17.2 kwa lita, juu mno. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi: "Dokta, sukari mimi nilishaacha. Chai naweka tangawizi tu. Nakula dona."

"Dona kiasi gani, mzee wangu?"

Akatanua viganja vyote viwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Mimi si daktari, ni afisa lishe, ila kusahihisha hilo nilishachoka. La dona ndilo limenishinda kunyamaza.

Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ni wanga. Sembe, wa yaliyokobolewa, ni wanga. Gramu 100 za unga, wa dona au wa sembe, ukishatoa nyuzinyuzi zinabaki na wanga gramu 70 na ushei. Wanga ni glukosi zilizoungana mnyororo mrefu. Mate yanaanza kuukata, utumbo mdogo unamalizia, kinachoingia kwenye damu ni glukosi. Ulimi hausikii utamu, glukomita, kile kipimo cha kidoleni, inausikia.

Sasa linaloniudhi. Mtu akisikia "nafaka isiyokobolewa" anadhani pumba ndiyo inafanya kazi yote. Punje kubaki punje nako kuna kazi yake, tena kubwa. Chukua mahindi, yapike makande na maharage. Meno yanahangaika, vipande vinashuka tumboni vikiwa bado vimeufungia wanga ndani, vimeng'enya vinaufikia taratibu, hata kama mahindi yenyewe yalikobolewa. Mahindi hayohayo yapeleke mashineni, na kwa tunavyopenda unga laini, mwambie kijana arudie mara ya pili. Ule ukuta umeshabomolewa kabla hujawasha jiko. Pumba imo, sikatai, lakini imekuwa vumbi. Ukisonga ugali, maji ya moto yanauvimbisha wanga na kuulainisha. Ukikoroga uji ndiyo basi tena, hata kutafuna hakuna. Nina wagonjwa wanaokunywa uji wa dona kila asubuhi, kikombe kile kikubwa cha plastiki, "kwa ajili ya sukari". Ni kweli, ni kwa ajili ya sukari.

Simkatazi mtu dona. Ina nyuzinyuzi zaidi, vitamini za kundi B, na mafuta ya kiini (ndiyo maana unga wake huwahi kuchacha). Ila chambua mahindi vizuri, kwa sababu sumukuvu hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, na mwaka 2016 ilishaua watu Dodoma na Manyara.

Halafu kuna kambi ya pili, ya "acha wanga kabisa". Kwa anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), kufuta ugali ghafla bila daktari kumpunguzia dozi ni kuitafuta sukari ya chini ya 4: jasho, kutetemeka, kisha kuzimia. Sina la kuongeza.

Zile jedwali za kupanga vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari, wazo ambalo David Jenkins na wenzake wa Toronto walilichapisha mwaka 1981, nilizikariri chuoni kama sala. Leo nazitumia kwa shingo upande. Sahani ileile, mtu yuleyule, Jumatatu kipimo kinasema hivi, Alhamisi kinasema vile. Kiporo nacho: wanga ukipoa, sehemu yake huwa sugu kwa vimeng'enya, hilo lipo. Lakini nimejipima mwenyewe kwa ugali wa jana uliopashwa, na sikuona tofauti ya kumwambia mtu abadilishe maisha yake. Nimeacha kuuhubiri.

Na mzee tulikubaliana hivi: dona abaki nayo, ila tonge zima la sahani lisizidi ngumi yake, mchicha utangulie, maharage au dagaa visikosekane, uji wa asubuhi usitishwe. Akaniuliza kama ngumi ni ya kwake au ya mwanawe anayebeba mizigo sokoni. Nikasema ya kwake.

Juzi amerudi: 9.6. Nikaanza kujipongeza, binti akaninong'oneza kwamba baba siku hizi anameza na metformini, vidonge vya sukari, kila siku. Mwanzo alikuwa anavificha chini ya godoro. Kwa hiyo sijui nisifu ngumi au godoro.