Moyo kwenye sepsisi: eko (ultrasound ya moyo) nzuri isikudanganye

Watu wengi wakisikia sepsisi wanafikiria vijidudu tu, kumbe kinachomaliza mtu mara nyingi ni mwili wenyewe, unapambana na maambukizi kwa fujo mpaka unaumiza viungo vyake na moyo nao hauponi. Mi ndo kazi yangu hii, muda mwingine ICU (wodi ya mahututi) muda mwingine maabara, na nikiulizwa nianzie wapi naanza na 1984.

Mwaka huo Margaret Parker na wenzake kule Marekani walifuatilia wagonjwa 20 wenye shoki ya sepsisi, yaani sepsisi iliyoshusha presha vibaya. Ungetegemea waliokufa ndo wawe na moyo dhaifu, si ndio? Ikawa kinyume. Waliopona ndo moyo wao ulitanuka ukawa unatoa asilimia ndogo tu ya damu yake kila pigo, halafu kwenye siku 10 hivi ukarudi sawa, ila waliofariki kipimo chao kilisoma kawaida tu!

Iko hivi: ile asilimia ya damu inayotoka kila pigo haitegemei nguvu ya moyo peke yake, inategemea na mishipa inavyobana. Mishipa ikilegea kabisa hata moyo uliochoka unamwaga damu kirahisi maana hakuna cha kuuzuia. Ndo maana eko ikisoma asilimia 60 kwa mtu aliye kwenye shoki mi sishangilii, kwanza naangalia noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, imefika dozi gani.

Zamani ilidhaniwa moyo unakosa damu. 1986 watafiti wakapima, wakakuta mishipa ya moyo inapitisha damu kawaida au hata zaidi. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamechukua seramu (majimaji ya damu bila seli) ya wagonjwa wakaiweka kwenye seli za moyo wa panya, zikaanza kujikunja kivivu, yaani sumu iko kwenye damu yenyewe, na baadaye TNF na interlukini-1, kemikali za kinga ya mwili, zikatajwa. Ndani ya seli nako gesi ya nitriki oksaidi inazidi, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zinashindwa kutumia oksijeni, kalsiamu inavurugika. Lakini seli zilizokufa ni chache mno! Kwa mtazamo wangu moyo unajizima kidogo ili usife.

Levosimendani, dawa ya kuuamsha, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 516, majibu yakatoka 2016, haikusaidia. Dobutamini, dawa nyingine ya kuupa moyo nguvu, bado tunaitumia, ila kwa yule ambaye eko imeonyesha moyo umelegea kweli na viungo bado havipati damu ya kutosha hata baada ya maji na presha kukaa sawa.