Kuziba kwa utumbo kwa mtoto mchanga: maana na upasuaji wake

Mtoto mchanga akirudisha maziwa meupe, mara nyingi amecheua tu. Akitapika kijani, hilo ni jambo jingine kabisa. Ukijani ule ni nyongo, na nyongo ikipanda badala ya kushuka, huenda njia ya mbele imefungwa. Natamani kila mama anayetoka wodi ya uzazi hapa Nairobi alijue hili kabla ya kupanda matatu kwenda nyumbani. Asiambiwe ni chango. Arudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kuziba kwa utumbo kwa kuzaliwa ni hali ya mtoto kuja duniani na utumbo usiopitisha kitu. Wengine utumbo wao umekatika au umezibwa na utando. Wengine wana utumbo mzima, ila kipande cha mwisho hakina neva za kusukuma kinyesi; huo ni ugonjwa wa Hirschsprung, na mara nyingi mtoto humaliza saa 24 hadi 48 bila kutoa kinyesi cheusi cha kwanza. Unaotisha zaidi ni utumbo uliojisokota: damu haifiki, na utumbo unaweza kufa katika saa chache.

Kabla ya kisu, mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni kutoa yaliyojaa. Mtoto hutundikiwa dripu, huwekwa penye joto, kisha hupigwa eksirei.

Utumbo uliokatika huwa na ncha mbili zisizolingana: ya juu imefura, ya chini nyembamba kama penseli. Zamani madaktari waliziunga hivyo hivyo, na watoto wengi walikufa. Mwaka 1955, madaktari wapasuaji Louw na Barnard wa Cape Town, Afrika Kusini (Barnard huyo huyo aliyepandikiza moyo mwaka 1967) walifunga mishipa ya damu ya vijusi vya mbwa, na watoto wa mbwa wakazaliwa na utumbo uliokatika vile vile. Kumbe ni damu iliyokosekana mimbani, si chakula alichokula mama. Tangu hapo ncha iliyofura hukatwa kwanza, kisha mbili hizo huungwa kwa uzi mwembamba karibu kama unywele. Wengine hutolewa tundu tumboni la kupitishia kinyesi kwa muda.

Utumbo ulioungwa hulala siku kadhaa. Mtoto hulishwa kwa mshipa, mama akiendelea kukamua maziwa yasikauke, wote wakisubiri nepi ichafuke.