Chanjo ni bure, petroli ya boti si bure

Wiki hii nimeambiwa tena, na mama aliyevuka kutoka kisiwa cha Ukara akiwa na mtoto mgongoni: "Nesi, si chanjo ni bure? Hela zikipungua huko juu, sisi zinatuhusu nini?" Tangu Marekani isimamishe misaada mapema 2025, neno hili nalisikia karibu kila siku ya kliniki.

Ni bure kwako, mama. Kuifikisha kwenye paja la mwanao kuna gharama. Lazima ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 njia nzima. Friji inataka sola au gesi, na huduma ya mkoba, yaani sisi kuwafuata watoto huko waliko, inataka petroli ya boti na posho ya wauguzi. Fungu likichelewa, chanjo inabaki kwenye friji mjini Nansio, Ukerewe, na mtoto wa mwaloni, kule wavuvi wanakotia nanga, anaikosa.

Chukua chanjo ya surua-rubella. Kichupa cha dozi 10 kikishachanganywa, kinachobaki kinamwagwa ndani ya muda wa saa sita tangu kuchanganywa. Kikiwa ndicho cha mwisho na mbele yako kuna mtoto mmoja, mkono unasita. Wenzangu wengine humwambia mama arudi wakipatikana wengine. Mimi nafungua. Wavuvi wa dagaa wanafuata giza, usiku usio na mbalamwezi. Mwezi mmoja ukipita, baba kahamia mwalo mwingine na familia yake, na huyo mtoto humwoni tena mpaka aje na vipele na homa. Kumlaza wodini kunakula hela kuliko dozi tisa zilizomwagwa.

Eti mtoto akipitwa na tarehe ya chanjo anaanza upya? Hapana. Penta, ile chanjo ya magonjwa matano, dozi ya pili ikichelewa hata miezi mitatu, anapewa hiyo hiyo ya pili. Msibaki nyumbani kwa kuogopa kugombezwa.

Mwingine husema: "Dawa ya kichocho mwanangu alimeza shuleni mwaka jana." Dawa hiyo, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa, haimkingi na mingine. Akirudi kuoga ziwani anaambukizwa upya. Na dawa ikiwa ya msaada, bado kuipeleka shuleni kunahitaji gari na mafunzo kwa walimu. Mwaka ambao ugawaji haukufika shuleni kwao, mlete kituoni, na mpe uji kwanza. Tumbo tupu humtapisha.

Mkihama mwalo, kadi ya kliniki iende na mtoto. Nesi wa kule huenda asione rejista yangu.