Uchovu Usiokwisha: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Katika zahanati na vituo vya afya vya Mbeya, Iringa na Njombe, wahudumu husikia mara kwa mara wagonjwa wakisema kuwa mwili umechoka au hawana nguvu. Ni lalamiko ambalo hujibiwa upesi kupita kiasi, kwa sindano ya vitamini au chupa ya dawa ya kuongeza damu, kabla chanzo hakijatafutwa. Majibu yafuatayo yanaanza na vyanzo vilivyo vingi katika mazingira yetu na vinavyopimika kwa gharama ndogo, ndipo yanaingia katika yale yaliyo magumu zaidi.

Nitautambuaje uchovu unaohitaji kuchunguzwa?

Mtu aliyepalilia mahindi au kuchimba viazi kutwa nzima huchoka, hulala, na kesho yake huamka na nguvu zake. Uchovu wa kuchunguzwa ni ule usiolingana na kazi iliyofanyika, usioondolewa na usingizi, na unaoendelea kwa wiki kadhaa. Mhudumu atasaidika zaidi ukimweleza kinachotokea kuliko ukimwambia tu kwamba umechoka. Anayesinzia mchana akiwa amekaa huenda ana tatizo la usingizi. Anayehema kwa kupanda kilima alichokipanda bila shida mwaka jana anastahili kuchunguzwa damu, moyo na mapafu. Ambaye mapaja hayamnyanyui kutoka kwenye kigoda ana dalili ya misuli au neva. Na yule ambaye mwili unaweza lakini hana hamu ya jambo lolote, hata yale aliyoyapenda, huenda ana sonona, ambayo ni ugonjwa unaotibika na wala si uvivu.

Ni wakati gani nisisubiri?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa uchovu umeambatana na maumivu ya kifua, kuhema ukiwa umepumzika, kuzimia, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, choo cheusi kinachonata, homa kali, au kutokwa na damu nyingi. Mwenye kiu kali, anayekojoa mara nyingi huku akikonda, apimwe sukari bila kuchelewa.

Mimi ni mwanamke, ninaishi Mbeya mjini. Nilipimwa wingi wa damu ikawa 12.4, nikaambiwa iko sawa. Mbona bado ninachoka?

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu himoglobini yake, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mwanamume ikiwa chini ya gramu 13. Viwango hivyo, hata hivyo, ni vya mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyoishi juu zaidi ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na kila pumzi inavyobeba oksijeni kidogo. Figo huutambua upungufu huo na kutoa homoni inayochochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Ndiyo sababu mtu mwenye afya njema anayeishi Mbeya, takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hutarajiwa kuwa na himoglobini ya juu kuliko ndugu yake anayeishi Kyela kando ya Ziwa Nyasa, ambako mwinuko ni kama mita 500.

Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 unaelekeza kwamba kwa wanaoishi kati ya mita 1,500 na 1,999 mpaka huo upandishwe kwa gramu 1.1. Kwa hesabu hiyo, 12.4 ingetosha kwa mkazi wa Kyela, lakini kwako mpaka ni 13.1, kwa hiyo una upungufu mdogo wa damu. Kwa wakazi wa sehemu za Makete zinazozidi mita 2,000, nyongeza ni kubwa zaidi. Marekebisho haya hayafanywi kila mahali, na si utovu wa adabu kumuuliza mhudumu kama mwinuko umezingatiwa.

Jambo jingine ni kwamba akiba ya madini ya chuma mwilini, ambayo hutumika kutengeneza himoglobini, huweza kwisha kabla himoglobini haijashuka. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo cha feritini, ambacho zahanati nyingi hazina, ila hupatikana katika baadhi ya hospitali kubwa na maabara binafsi.

Damu inapungua kwa sababu gani, na je, rozela na bitiruti vinatosha kuirudisha?

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, sababu za kawaida ni hedhi nzito na mimba zinazofuatana kwa karibu. Kwa wakulima wanaotembea peku kwenye udongo wenye unyevu kuna minyoo ya safura, ambayo hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kwa miaka. Kwa wanaoingia kwenye majaruba ya mpunga na mifereji ya maji ya mabondeni, kichocho nacho kitafutwe. Wanaume, pamoja na wanawake waliokwisha koma hedhi, wana sababu ya kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu kwao upungufu wa madini ya chuma mara nyingi humaanisha kuwa damu inavuja mahali fulani tumboni. Vibarua wengi humeza diklofenaki kila jioni ili kutuliza maumivu ya mgongo, na dawa za aina hiyo huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu bila maumivu makubwa. Kumpa mtu huyo dawa ya kuongeza damu bila kutafuta kidonda, au saratani, ni kuficha ugonjwa.

Rozela na bitiruti havina ubaya, lakini rangi yake nyekundu haithibitishi kuwa vinaongeza damu, kwani chuma kilichomo ni kidogo. Maini, nyama na dagaa vina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi. Maharage na mboga za majani vinacho pia, ila mwili hukipata kwa shida, isipokuwa vikiliwa pamoja na chakula chenye vitamini C kama mapera, machungwa au nyanya mbichi. Hapa wakazi wa Mufindi na Rungwe, wanaoishi katikati ya mashamba ya chai, huenda wasifurahie: chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu kubwa ya chuma cha mimea kufyonzwa. Si lazima kuiacha. Inatosha kuinywa saa moja au mbili baada ya kula.

Ambaye tayari amepungukiwa damu kwa kukosa chuma hatapona kwa chakula peke yake kwa muda unaofaa, na anahitaji vidonge. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, jambo ambalo si hatari maadamu hakinati kama kile kilichotajwa juu, na huendelea kutumiwa kwa takribani miezi mitatu baada ya himoglobini kurudi katika kiwango chake ili akiba ijazwe. Wengi huviacha mara tu wanapojisikia nafuu, na baada ya miezi michache wanarudi pale pale.

Nimelalamikia uchovu tu. Kwa nini nimeambiwa nipime VVU na kifua kikuu?

Kwa sababu ya mahali unapoishi, wala si kwa sababu ya kukushuku tabia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na VVU, huku Njombe ikiwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa iliyo juu ya mingine yote. Katika mazingira hayo mhudumu anayechunguza uchovu bila kupima VVU atakuwa ameruka chanzo kinachowezekana sana na ambacho kina dawa za bure.

Kifua kikuu nacho huanza taratibu: uchovu, kukosa hamu ya kula, kukonda, kutokwa na jasho usiku na kikohozi kinachozidi wiki mbili, ingawa kwa mwenye VVU kikohozi kinaweza kuwa kidogo au kisiwepo kabisa. Waliofanya kazi kwenye vumbi la migodi ya dhahabu, kama ile ya Chunya, wana hatari zaidi, kwa kuwa vumbi la mawe hudhoofisha kinga ya mapafu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, nayo hutolewa bure.

Je, haiwezi kuwa malaria?

Inawezekana, hasa ikiwa umetoka Kyela, Usangu au kwingineko mabondeni katika wiki chache zilizopita, na anayeishi juu huugua vikali zaidi kwa kuwa mwili wake haujazoea vimelea. Lakini malaria kwa kawaida huja na homa, na hupimwa kwa dakika chache. Uchovu wa miezi bila homa, uliokwisha kutibiwa kama malaria zaidi ya mara moja bila kipimo, utafutiwe chanzo kingine.

Mama yangu mzazi yuko Makete. Amenenepa, anasikia baridi kuliko watu wote nyumbani, choo kigumu, na hana nguvu. Tunasema ni uzee na hali ya hewa.

Mpelekeni akapimwe homoni za tezi ya shingo. Tezi hiyo ikifanya kazi chini ya kiwango, mwendo wa mwili mzima hupungua: moyo hupiga polepole, ngozi hukauka, sauti huwa nzito, na kumbukumbu hufifia. Katika nchi ya baridi kama Makete dalili ya kusikia baridi hupuuzwa kirahisi, kwa sababu kila mtu amejifunika blanketi.

Nyanda zetu zina historia katika jambo hili. Udongo wa milimani ambao mvua imeuosha kwa karne nyingi hubaki na kiasi kidogo cha madini joto ambayo tezi huyahitaji, na rovu, yaani kuvimba kwa tezi hiyo, lilikuwa la kawaida sana hapa, kiasi kwamba kuanzia miaka ya 1980 wananchi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini hayo, na baadaye ikaamriwa chumvi ya kula iongezwe madini joto. Hata hivyo tezi hushindwa pia kwa sababu nyingine, hasa kinga ya mwili inapoishambulia, na hapo chumvi haisaidii. Tiba ni kidonge kimoja kila siku, mara nyingi kwa maisha yote, na tofauti huanza kuonekana baada ya wiki chache.

Kila Juni na Julai familia yetu huamka na uchovu, kichwa kikiuma na kichefuchefu. Mchana tunapona. Ni mafua ya baridi?

Jambo la kwanza ni kuuliza kama mnalala na jiko la mkaa ndani. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Dalili zinazowapata watu wote wa nyumba moja kwa pamoja na kupungua wakitoka nje ni alama yake kubwa. Kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kuitofautisha na oksijeni, kwa hiyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Moto utolewe nje kabla ya kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo huku jiko likiwaka usiku kucha si kinga ya kutegemea.

Watu wengi wanashuhudia kuwa virutubisho fulani vimewarudishia nguvu. Je, huo si ushahidi?

Wanaweza kuwa wakweli kabisa na bado kirutubisho kikawa hakijafanya kitu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ufaransa kwa wanawake 198 waliolalamikia uchovu, wenye himoglobini ya kawaida lakini akiba ndogo ya chuma. Waligawanywa kwa kura: baadhi walipewa miligramu 80 za chuma kila siku, wengine kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa, bila wao wala madaktari wao kujua nani kapata nini. Baada ya wiki 12 uchovu ulipungua kwa asilimia 47.7 kwa waliotumia chuma. Kwa waliotumia kidonge kitupu ulipungua kwa asilimia 28.8.

Namba ya kwanza inatuambia kuwa mwenye feritini ndogo anaweza kunufaika na chuma hata kama damu yake haijapungua. Ya pili ndiyo inayojibu swali lako. Uchovu hupanda na kushuka wenyewe, na mtu hutafuta dawa pale unapokuwa umefika kileleni, kwa hiyo lolote atakalotumia wakati huo litaonekana limemsaidia. Matumaini nayo huongeza sehemu yake. Laiti wanawake wa kundi la pili wangeuziwa kopo la unga wa bei kubwa, wengi wao wangesimama kushuhudia kwa dhati. Kazi halisi ya chuma ni ile tofauti ya asilimia takribani 19 kati ya makundi mawili, na anayekuuzia virutubisho bila kundi la kulinganisha hana namna ya kuijua.

Kuna hatari zaidi ya kupoteza fedha. Baadhi ya watu humeza deksamethasoni ili wanenepe na kupata nguvu. Dawa hiyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, na ikiachwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu huweza kuuacha mwili ukiwa umeishiwa nguvu kwa kiwango cha kutishia maisha.

Vipimo vyote viko safi. Ina maana ninajifanya?

Hapana. Kwanza yaangaliwe yale yasiyoonekana maabara: usingizi mfupi, kukoroma kunakokatisha pumzi, sonona, na pombe, kwani ulanzi au komoni wa jioni huleta usingizi haraka lakini huuvuruga usiku wa manane.

Baada ya hapo kuna ugonjwa ambao utafiti bado unaendelea kuufukuzia, wa uchovu sugu, ambao kwa wengi huanza baada ya maambukizi ya virusi, na unaofanana sana na hali ya baadhi ya waliougua UVIKO-19. Hauna kipimo cha damu. Vigezo vilivyowekwa Marekani mwaka 2015 vinataka uchovu uliopunguza sana shughuli kwa miezi sita au zaidi, usingizi usioburudisha, na dalili kuzidi baada ya juhudi ndogo ya mwili au akili, mara nyingi siku moja au mbili baadaye. Juu ya hayo kuwe na akili kufifia au hali kuwa mbaya mgonjwa anaposimama.

Zamani wagonjwa hawa waliamriwa kuongeza mazoezi hatua kwa hatua. Mwaka 2021 mwongozo wa taifa wa Uingereza uliacha ushauri huo, na badala yake unafundisha kugawa nguvu: mgonjwa hutafuta kiasi cha kazi kisichomwangusha kesho yake, kisha hubaki ndani yake hata siku anayojisikia vizuri. Anayeangushwa na saa moja ya kupalilia apalilie dakika ishirini na kupumzika kabla hajachoka, na familia ielezwe kwamba kupumzika huko ni sehemu ya matibabu yake.