Makala Inadai Dola 39 na Wewe ni Mwanafunzi Halali

Ujumbe uliingia saa nne usiku. "Shikamoo madam, samahani kwa usumbufu wa usiku. Ile makala ya rutuba ya udongo nimeiona, ila wananidai dola 39. Nilivyokuwa chuo ilikuwa inafunguka yenyewe. Kwani maktaba imeacha kuilipia?" Mwenye ujumbe ni mwanafunzi wa uzamili. Yuko Namtumbo anakusanya data za tasnifu, simu mkononi, na bando lake linakatika saa sita.

Maktaba haijaacha kulipia. Mimi ni mkutubi upande wa majarida na vitabu vya mtandaoni, na swali hili hunijia kila wanafunzi wanapotawanyika kwenda fildi. Afadhali huyu aliyeuliza. Wengine hunyamaza, wakaandika sura nzima ya mapitio ya maandiko kwa kusoma ikisiri tu, na msimamizi anakuja kugundua baadaye kwamba mtu amenukuu kazi ambayo hajawahi kuifungua.

Kinachotokea ni hiki. Mchapishaji wa jarida hakujui wewe, wala namba yako ya usajili haina maana kwake. Anachokiona ni anwani ya IP, ile namba inayobebwa na kila ombi linalosafiri kwenye intaneti ili jibu lijue pa kurudi. Chuo kinaposaini mkataba, kinamkabidhi mchapishaji orodha ya anwani zake. Ombi likitokea kwenye anwani iliyomo, ukurasa unafunguka bila swali. Likitokea kwingine, unaletewa bei, na kwa makala moja dola 30 hadi 40 ni bei ya kawaida. Ndiyo maana ukiwa chuoni hujui hata kama kuna mlango: siku zote umeukuta wazi.

Kwa mpango huo, kuwa "nje ya chuo" hakuhusiani na geti. Niliwahi kumweleza kijana aliyekaa kwenye ngazi za maktaba, hatua chache kutoka mezani kwangu, kwamba yuko nje, akadhani namtania. Alikuwa anatumia bando la simu badala ya waifai ya chuo, kwa hiyo anwani yake ilikuwa ya kampuni ya simu. Na kinyume chake hutokea: mtu yuko ndani kabisa, kwenye waifai yetu, lakini amewasha VPN ya bure, programu inayopitisha mawasiliano kwa anwani ya kwingine, aliyoipakua kwa shughuli zake nyingine, na mchapishaji anamwona yuko Uholanzi. Hiyo izimwe kabla ya jambo jingine lolote. Hata eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi, huwachanganya watu. Ukiingia nayo ukiwa mgeni kwenye chuo kingine, akaunti ni ya kwenu lakini anwani ni ya wenyeji, basi utaona walivyolipia wao na si mlivyolipia ninyi.

Dawa inayotumika sana ni seva ya proksi. Maarufu kuliko zote ni EZproxy, iliyoandikwa mwaka 1999 na Chris Zagar, mkutubi wa chuo kimoja huko Arizona, Marekani, na mwaka 2008 ikanunuliwa na shirika la OCLC. (Nawatajia hilo wale wanaodhani kazi ya mkutubi ni kugonga mihuri na kusema "shhh".) Proksi inakaa katikati. Wewe unajitambulisha kwake kwa akaunti ya chuo, yenyewe inakwenda kwa mchapishaji ikitumia anwani iliyomo kwenye orodha, inachukua ukurasa na kukuletea Namtumbo. Mchapishaji anaona chuo kimebisha hodi.

Unaweza kuiona kazi hiyo kwa macho. Tazama juu ya kivinjari panapoandikwa anwani ya tovuti. Kilichokuwa www.jstor.org, yaani hifadhidata ya majarida ya JSTOR, kinageuka kuwa kitu kama www-jstor-org.proksi.chuochako.ac.tz. Nukta zimekuwa vistari, na mkiani limening'inizwa jina la chuo. Ukiona mkia huo, uko ndani. Usipouona, hata kama ukurasa unafanana nukta kwa nukta na ule wa jana, uko nje na utadaiwa.

Kosa kubwa kuliko yote linaanzia hapo. Mtu anatafuta makala Google, anabofya, anatua moja kwa moja kwa mchapishaji bila kupitia kwenye proksi. Pale anakuta sehemu ya kuingilia, anaweka namba ya usajili na nywila ya chuo, inakataa. Lazima ikatae, kwa sababu ile ni ya wenye akaunti za mchapishaji mwenyewe. Anzia kwenye ukurasa wa maktaba yako, sehemu ya hifadhidata au majarida ya mtandaoni, bofya jina la hifadhidata, jitambulishe, kisha ndiyo utafute. Kama makala umeshaipata kwingine, nakili DOI yake, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10 na nukta na yenye mkwaju (/) katikati, uitafute ukiwa ndani. Usihifadhi anwani ndefu iliyoko juu ya kivinjari ukitarajia kuitumia kesho. Ukikaa bila kugusa kitu, mara nyingi kwa saa mbili hivi, proksi inakusahau na anwani ile huenda isifunguke tena.

Vyuo vingine vimekwenda njia tofauti, ambapo mchapishaji mwenyewe ana kitufe cha kuingia kupitia taasisi yako. Unachagua jina la chuo, unapelekwa kwenye ukurasa wa chuo, unaweka nywila huko, na chuo kinamjibu mchapishaji "huyu ni wetu". Mitandao ya elimu na utafiti kama KENET ya Kenya na RENU ya Uganda inaendesha mifumo ya aina hiyo kwa ajili ya vyuo wanachama. Chuo chako kisipokuwemo kwenye orodha ya kuchagua, usipoteze bando kukitafuta kwa tahajia tano. Hakijajiunga na mchapishaji huyo kwa njia hiyo. Vichache hutoa VPN yao wenyewe. Hiyo ni halali na inafanya kazi, ila kwenye simu yenye mtandao wa kusuasua mimi huwa siipendekezi.

Kuna ujanja mmoja ambao wengi hawaujui. Ukiwa bado chuoni, kwenye waifai ya chuo, fungua Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, ukiwa umeingia kwa akaunti yako ya Google. Kwa baadhi ya wachapishaji inaweka kumbukumbu kwamba una haki ya kusoma, na haki hiyo inakufuata nyumbani kwa muda kabla ya kuisha. Halafu nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya viungo vya maktaba, uongeze chuo chako kama kimo. Fanya hivyo wiki ya kuondoka.

Sasa habari ya nywila, na hapa naomba univumilie nikichukua nafasi. Machi 2018 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka Wairani tisa kwa kudukua akaunti za maprofesa katika vyuo vikuu 144 vya Marekani na vingine 176 katika nchi 21. Data zilizodaiwa kuibwa zilifika terabaiti 31.5. Mtego wenyewe ulikuwa wa kawaida mno: barua pepe yenye kiungo, kikimpeleka mtu kwenye ukurasa uliotengenezwa ufanane na ule wa kuingilia chuoni kwake. Mitego ya namna hiyo huvaa hata sura ya maktaba, ikikuambia akaunti yako inakaribia kufungwa, bofya uihuishe. Huhitaji utaalamu kuitambua. Chukua anwani iliyoandikwa juu, nenda hadi mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma. Ikiishia chuochako.ac.tz, sawa. Ikiwa chuochako.ac.tz kimewekwa mwanzoni na mwisho wake ni jina lingine usilolijua, umefika kwa tapeli, hata kama nembo ya chuo inang'aa.

Nywila hiyohiyo ndiyo watu humpa kaka aliyehitimu au rafiki wa chuo kingine. Naielewa huruma hiyo. Lakini kila anayepitia kwenye proksi anatokea kwa mchapishaji kwa anwani moja, na akipatikana mmoja anayeshusha majarida kwa magunia, mashine za mchapishaji zinafunga anwani nzima. Hata wakubwa yamewakuta: Oktoba 2010 JSTOR ilikata huduma kwa chuo kizima cha MIT, Marekani, kwa siku kadhaa, baada ya mtu mmoja kupakua kwa kasi kupitia mtandao wa chuo. Kwa vyuo vyetu hali huwa hivyohivyo. Wanafunzi wanaamka wamefungiwa, mchapishaji anaandika barua, na sisi tunakaa na kumbukumbu za seva kutafuta ni akaunti ipi iliyokuwa inashusha faili saa tisa usiku. Jina linapatikana. Mara nyingi mwenye jina alikuwa amelala.

Huyo kaka aliyehitimu hana haja ya nywila ya mtu. Mikataba mingi inamruhusu yeyote aliyefika maktaba kwa miguu kusoma kwenye kompyuta za hapo. Na kama anafanya kazi hospitalini, au kwenye taasisi ya utafiti au ya umma, aulize kazini kwake kuhusu Research4Life. Mpango huo ulianza mwaka 2002 kwa Hinari ya Shirika la Afya Duniani, ukaongezwa AGORA ya kilimo mwaka 2003 na mingine baadaye, na taasisi za nchi kama Tanzania hupata maelfu ya majarida bila malipo. Taasisi ndiyo inayosajiliwa, si mtu binafsi.

Na ipo siku umeingia vizuri, mkia uko juu, na bado unaletewa bei. Hiyo maana yake chuo hakijalipia jarida lile, au kimelipia miaka fulani tu. Angalia kama kuna nakala huria: PubMed Central kwa mambo ya afya, AJOL kwa majarida ya Afrika, au hazina ya machapisho ya chuo alikotoka mwandishi. JSTOR nayo inamruhusu mtu mwenye akaunti binafsi ya bure kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni. Au mwandikie mwandishi mwenyewe. Barua pepe yake iko kwenye ukurasa wa kwanza. Watafiti hupenda kusomwa, na wengi hujibu.

Ukikwama kabisa, tuandikie, ila usiandike "haifunguki" tu. Tuma picha ya skrini nzima, anwani ya juu ionekane. Taja jina la makala, saa uliyojaribu, na kama unatumia bando au waifai. Nywila usitutumie kamwe. Hatuihitaji, na anayeiomba si sisi.

Yule wa Namtumbo alituma picha. Anwani haikuwa na mkia, nikamwelekeza aanzie kwenye ukurasa wa maktaba. Proksi ikamkataa. Kumbe alikuwa hajajisajili kwa muhula mpya, na kwetu akaunti hufuata usajili. Asiyesajiliwa anahesabiwa kama ameondoka. Usiku ule hakukuwa na la kufanya zaidi ya kulala. Kesho yake ofisi ya usajili ikamaliza lake, na saa nane mchana nikapata ujumbe mwingine: makala imefunguka, kurasa 14, na jedwali alilokuwa analihangaikia liko kwenye ukurasa wa mwisho.